Jezi ya Wendell

Mume wangu Sadru alijaliwa mkono wa kulia wa ajabu, na kwa mkono huohuo ameachwa na timu nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Simsimangi. Mimi ndiye niliyezifua jezi zake zote, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Alianza Tabora, kwenye kriketi, sisi bado vijana. Kwenye kriketi mrushaji hutoka mbali, anakuja mbio kama kafukuzwa na nyuki, halafu anaurusha mpira mkono umenyooka, unadunda chini mbele ya mwenye gongo. Tulipohamia Toronto akapata kazi kwenye kiwanda cha milango kule Rexdale, karibu na uwanja wa ndege. Kiangazi cha kwanza wenzake walikuwa wakicheza besiboli saa ya chakula, wakamwuliza kama anajua kurusha. Akasema anajua. Akarudi nyuma mpaka kwenye maegesho ya magari, akaja mbio, akaachia, mpira ukadunda na kumpiga msimamizi wake gotini. Masikini, nani angemwambia kwamba kwenye besiboli mrushaji anasimama palepale, na mpira haugusi chini? Walicheka mpaka wakakaa. Lakini yule msimamizi, huku akisugua goti, aliuliza huyu bwana mpya anaitwa nani, na Jumamosi iliyofuata Sadru alikuwa ndani ya timu ya kiwanda.

Basi hapo ndipo safari ilipoanza. Mwaka huu yuko na watu wa milango, mwaka kesho na wapishi wa uwanja wa ndege, mwaka mwingine na Wareno wa kanisa moja la mtaani, halafu na wazima moto, halafu na timu ya duka la matairi kule North York. Alikuwa yeye mwenyewe tairi la akiba. Mrushaji wao akiumia bega, au akioa, wanampigia Sadru simu. Anakwenda, anarusha vizuri, yule wao anapona au ndoa inapoa, basi wanamwambia ahsante sana na jezi uirudishe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mume wangu alikuwa kuku mgeni kila mwaka.

Jezi zenyewe ndizo zilizonikera. Mgongoni zilikuwa na majina ya watu. Nimelala na mume anaitwa Gary, nimelala na mume anaitwa Fernando. Kila mwisho wa kiangazi nafua jezi, napiga pasi, naikunja, anaipeleka. Nilimwambia, Baba Taki, hata mchumba anayeachwa hubakiziwa kanga. Yeye anatabasamu tu. Sadru ni mtu wa sauti ya chini, sauti ya kuzungumza na mgonjwa. Mimi ndiye mwenye sauti, na zamani nilikuwa nikiitumia kwa niaba yake, mpaka siku moja niliposimama kwenye mechi ya wazima moto nikamweleza refa habari za macho yake na za mama yake aliyemzaa na macho hayo. Tangu siku hiyo Sadru alinipiga marufuku kupiga kelele uwanjani. Aliniomba kwa upole, nami nikamwahidi, na ahadi ni deni.

Mwishoni bega lilikataa. Daktari akasema mkono huu usirushe tena kitu chochote, labda salamu. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, mji mzima una wazimu wa besiboli kwa sababu timu ya mji ilikuwa imetwaa ubingwa mara ya pili mfululizo, watu wanapiga honi barabarani, na mume wangu amekaa kwenye kochi na barafu begani. Hakulalamika. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu anayelalamika unajua utamjibu nini.

Kwa hiyo nikaingilia kati, kama kawaida yangu. Pale kwenye kituo cha jamii karibu na barabara ya Kipling kulikuwa na mama mmoja, Doreen, mwenye kuendesha ligi ya softiboli ya wanawake. Softiboli ni besiboli yenye mpira mkubwa zaidi, unarushwa kwa chini, basi. Alikuwa na timu ya wanawake waliokuja nchini karibuni, na kocha wao, bwana mmoja aitwaye Wendell, amehamia Calgary. Nikamwambia ninaye kocha nyumbani. Doreen akafurahi, akasema aje, lakini ni kwa muda tu, mpaka apatikane mtu wa kudumu. Akanipa jezi ya kocha nimpelekee. Mgongoni ina herufi nyeupe za kitambaa, zimeshonwa: WENDELL.

Sadru aliipokea, akaigeuza, akasoma. Akaniuliza kama kwa muda maana yake ni mpaka lini. Nikamwambia avae, maswali baadaye.

Timu yenyewe, jamani! Wengi walikuwa wa kwetu, wa Maziwa Makuu na pwani, wanaishi kwenye yale maghorofa ya Rexdale, wanafanya kazi za zamu. Amandine wa Bukavu alikuwa akifunga maboksi kwenye ghala, mwanamke mkubwa, mtulivu, mwenda pole. Hata basi likiwa linaondoka yeye hakimbii, anasema litakuja jingine. Candide alitoka Bujumbura majira ya baridi yaliyopita, mwembamba, anatunza wazee usiku. Mambo ya huko kwao hakuyasema, na sisi hatukumwuliza. Walikuwapo Wakenya, Watanzania, na binti mmoja wa Unionville, Shaila, aliyekuwa akija kwa gari la baba yake, anatuelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, sawasawa na mwanangu Taki.

Mechi ya kwanza, mpinzani akaupiga mpira, akaanza kukimbia. Candide akaudaka mpira ulipokuwa ukibingirika. Kwenye softiboli unatakiwa umrushie mwenzako aliyesimama kwenye kituo, moja ya zile alama nne ambazo mkimbiaji anazizunguka, au umguse mkimbiaji na mpira ulio mkononi. Candide akalenga vizuri, akampiga yule mama katikati ya mgongo, pu! Kisha wenzake wote wakaruka kwa furaha, wakaimba, ametoka, ametoka. Yule mama amelala kwenye nyasi. Doreen amesimama mdomo wazi.

Zamu ya kupiga ikafika, mambo yakawa yaleyale upande wa pili. Mpira ukirushwa, mtu wetu hapigi. Anaukwepa. Mmoja aliinama, mwingine aliruka, Amandine aligeuka ubavu taratibu kama anampisha mtu mlangoni. Wanakwepa uzuri, na kila wakikwepa wanashangiliana.

Mimi nilikuwa kwenye benchi na maji na sambusa, nikacheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu nilishaelewa. Walikuwa wanacheza rede. Msichana gani wa kwetu hakucheza rede? Wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira wa soksi, na wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa. Ukipigwa, umetoka. Wakenya wanauita kati, Candide na Amandine wana majina yao, lakini mchezo ni huohuo. Miaka kumi ya utoto umefundishwa kwamba mpira ukija, kwepa, na adui akikimbia, mpige. Halafu leo mtu anakwambia simama mpira ukujie.

Sadru, mtoto wa kiume, alikuwa kwenye kriketi wakati sisi tunacheza rede, hakujua. Nilipomweleza nyumbani alishika kichwa. Kiangazi chote akawa anajaribu kuitoa rede miilini mwao. Jioni baada ya zamu zao, kwenye nyasi za nyuma ya kituo cha jamii, anasema kwa sauti yake ya hospitali, msikwepe, dada zangu, simameni, mpira ni mgeni, mpokeeni. Walimpenda sana. Hakuwahi kumkaripia mtu. Alikumbuka nani mgongo unamuuma na nani ametoka kazini bila kulala. Alimfundisha kila mmoja kivyake, kwa sababu yeye mwenyewe alishapita mikononi mwa makocha wa kila aina na alijua kila namna ya kumvunja mtu moyo. Taratibu wakaanza kupiga. Wakawa wanafungwa kwa tofauti ndogo, halafu wakashinda mara moja, tukala pilau kana kwamba ni Idi.

Lakini ligi ina sheria yake. Viwanja ni vichache na timu zinazosubiri ni nyingi, kwa hiyo timu ya mwisho kabisa inaachia nafasi. Agosti ilipoisha, wa mwisho tulikuwa sisi. Mechi moja imebaki, dhidi ya wanawake wa Mimico, na sare haitoshi. Tushinde, tubaki. Tusiposhinda, timu inavunjwa.

Usiku ule Sadru hakumaliza chakula. Akaniambia, "Zebunissa, timu zote nilizopita sikuwahi kumwomba Mungu anibakize hata kwenye moja. Hii namwomba." Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akijiombea kitu. Nikainuka nikaosha vyombo kwa nguvu, nisije nikamlilia mbele yake.

Jumamosi kabla ya mechi tulifanya mazoezi ya mwisho, kisha tukakaa kula. Kila mmoja alileta chake: mandazi, maharage, mihogo ya Amandine. Walipomaliza kula, wasichana hao, wanawake wazima wenye watoto, wakatoa soksi wakaviringisha mpira, wakachukua chupa ya soda, wakaanza rede. Sadru alikuwa ameshika sahani ya pilau. Candide akaingia katikati.

Huyo hakuwa yule Candide tuliyemzoea, anayetazama chini. Wanarusha, hayupo. Wanarusha, yuko angani. Anainama, anajaza mchanga, anapinda kiuno, mpira unapita, anacheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo. Watu wawili wa kurusha walibadilishwa, wakaingia wengine, chupa ikajaa, akaimwaga, akaanza upya. Nikamgeukia Sadru kumwambia kitu nikaona kijiko kimesimama hewani.

Akaniuliza hivi huyu hakamatiki? Nikamwambia labda achoke. Akaweka sahani chini. Akanieleza kwamba kwenye besiboli kila kocha anawaambia wachezaji wake jambo moja: usikamatwe katikati ya vituo viwili. Ukikamatwa hapo, huyu ana mpira mbele yako na yule yuko nyuma yako, wanarushiana huku wanakusogelea, na mwisho wanakugusa. Ni aibu, ni kosa la mtoto. Akaniambia amelala usingizi miezi yote hii, anawafukuza watu kutoka mahali ambapo wao ndio wenyeji. Akainuka, akaenda kuwaita wote. Sikusikia alichosema, ila niliona wakitazamana, kisha wakaanza kupigana makofi mabegani na kucheka.

Siku ya mechi ikafika na tukakuta kiwanja kimejaa. Mwaka ule wachezaji wakubwa wa kulipwa walikuwa wamegoma, mji umebaki hauna besiboli ya kutazama, basi wazee na viti vyao vya kukunja wakaja kututazama sisi. Mzee mmoja aliniuliza timu gani nzuri. Nikamwambia anasimama mbele ya meza ya timu nzuri, achukue sambusa.

Wale wa Mimico walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Walitangulia, tukawafikia, wakatangulia tena, tukawafikia tena. Shaila alirusha vizuri, kila mpira akimtazama Sadru kwanza. Zamu ya mwisho ikawa yetu na tuko sawa. Wawili wetu wameshatolewa. Akitolewa mmoja zaidi tu, mchezo umekwisha kwa sare na sisi tumekwisha nao. Amandine amesimama kwenye kituo cha pili. Anayeingia kupiga ni Candide.

Sadru alikuwa amesimama kando ya kituo cha tatu, jina la Wendell mgongoni, mikono mfukoni.

Mpira wa kwanza ukaja, Candide akaukwepa. Mazoea tu. Benchi letu likaugua. Mpira wa pili akasimama, akaupokea, akaupiga, ukapita juu ya vichwa vya walio karibu ukaangukia mbele ya walio mbali. Amandine akaondoka kituo cha pili kwa mwendo wake ule wa kupeleka mahari, akafika cha tatu. Candide akagusa cha kwanza na hakusimama. Akaendelea kwenda cha pili. Wakati huo mpira ulikuwa unarudi, mwenye kituo cha pili ameushika na anamngoja.

Wazee wa viti vya kukunja wakapiga kelele arudi. Sadru akasema, kwa sauti ileile, "Katikati, Candide."

Candide akasimama katikati. Yule wa cha pili akamjia, Candide akarudi nyuma. Wakarusha kwa wa kwanza, akageuka. Wakarusha tena. Anapinda, anainama, mkono wenye mpira unapita pembeni ya bega lake, refa ameinama anatazama kama katoka nje ya njia, na hajatoka. Wa Mimico wote wanne wa karibu wakaja kusaidia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama Amandine. Ndivyo Sadru alivyopanga. Kazi ya Amandine ilikuwa ndogo kabisa, kutembea kutoka kituo cha tatu mpaka kile cha mwisho kinachoitwa nyumbani, tupate bao, kabla Candide hajaguswa.

Sasa mnajua Amandine alikuwa anafanya nini? Alikuwa amesimama kwenye kituo cha tatu, anapiga makofi. Anashangilia rede. Kwenye rede mwenzako akiwa katikati wewe unakaa pembeni unamwimbia, na yeye alikuwa anaimba, macho yamemtoka kwa raha, amesahau kama yuko Kanada. Sadru yuko hatua mbili kutoka kwake, na sheria haimruhusu kocha kumgusa mchezaji. Anamwambia Amandine, nenda. Amandine, dada yangu, tafadhali nenda nyumbani. Nilikuwa naona midomo yake, lakini kiwanja kizima kinapiga kelele, nani atasikia sauti ya hospitali? Na Candide ameanza kuchoka. Mara ile mpira ulimkosa kwa upana wa kidole.

Sadru akanitazama. Kiwanja kizima kati yetu, na akanitazama mimi kwenye benchi, akatikisa kichwa kukubali.

Nilipanda juu ya meza ya sambusa.

"Amandine! Nyumbani!"

Taki anasema alinisikia yeye aliyekuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, redio imewashwa. Amandine aliruka kama kamwagiwa maji. Akakimbia. Wallahi mwanamke yule alikimbia, mikono juu, ardhi inatikisika. Mmoja wa Mimico akageuka akaona, akapiga ukelele, mpira ukarushwa nyumbani, ukapita juu, na Amandine akaangukia kituo kwa tumbo na kubaki pale amekikumbatia. Huko nyuma Candide alikuwa amekaa chini katikati, peke yake, hajaguswa na mtu, anacheka na kulia pamoja.

Sina haja ya kueleza zogo lililofuata. Hata wale wa Mimico walikuja kula. Nahodha wao alitaka kujua mchezo ule tumefundishwa wapi, na Wakenya na Watanzania wakaanza kubishana pale pale jina lake ni lipi. Doreen akamfuata Sadru, akamshika mkono ule mbovu akautikisa kwa nguvu, akamwambia mwakani mazoezi yanaanza Mei na asichelewe. Sadru akamwuliza yule kocha wa kudumu alishapatikana? Doreen akamtazama kana kwamba ameuliza jua linachomoza upande gani. Akamwambia kwamba aliacha kumtafuta tangu Julai.

Sadru akawa anaikunjakunja kofia yake. Mimi, kwa mazoea, nikaanza kumhimiza avue jezi nikaifue nipige pasi, Jumatatu tuirudishe. Candide alikuwa karibu, magoti yamejaa vumbi. Alinishika mkono.

"Mama Taki," akasema, "unairudisha kwa nani?"



Jioni ile niliifua hata hivyo, kwa sababu ilikuwa inanuka jasho na mchuzi wa sambusa. Ilipokauka nikachukua wembe na sanduku langu la ushoni, nikakaa chini ya taa, nikaanza kufumua uzi wa W. Sadru alikuwa kwenye kochi na barafu yake. Akanyanyua kichwa, akanionya kwamba naharibu jezi ya watu.

Nikamwambia anyamaze, watu wenyewe ndio sisi. Ila aniambie jina lake analitaka kwa herufi kubwa au ndogo.

Aliweka barafu chini, akaja akasimama nyuma yangu, akaangalia kitambaa cheupe cha zile herufi.

"Kubwa," akasema.